UZI: Lishe na matunzo ya asili kwa mbwa, paka na sungura, na pale ambapo dawa za jikoni zinawaua

#1 Mleta mada

Wakuu salamu,

Mtu akiuliza dawa ya asili ya viroboto, kuhara, mwasho au minyoo kwa mnyama wake, majibu huwa ni yale yale: kitunguu saumu, siki, manjano, mafuta ya nazi. Mimi ni mpenzi wa matunzo ya asili na wanyama wangu nawalea hivyo. Lakini inaniuma kuona paka anapewa kitu kinachopasua chembe nyekundu za damu yake, kwa hoja kwamba sisi tunakila kila siku na hatujafa. Sisi si paka. Uzi huu una msimamo mmoja: asili ya kuifuata ni ya mnyama mwenyewe, yaani jinsi tumbo lake, ini lake na meno yake yanavyofanya kazi. Ukianzia hapo, matatizo mengi ya kawaida unayamaliza kwenye bakuli la chakula na la maji, na mitishamba inabaki na nafasi ndogo sana.

Naanza na paka, maana ndiye anayeumizwa zaidi na ushauri wa kubahatisha.

Paka ni mla nyama kwa lazima. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho mwili wake hauwezi kutengeneza cha kutosha. Anakipata kwenye nyama, samaki na viungo vya ndani kama moyo. Akikikosa kwa miezi, macho yanaharibika hadi kupofuka, na misuli ya moyo inalegea, moyo unatanuka na kushindwa kusukuma damu. Uhusiano wa taurini na moyo wa paka ulionyeshwa mwaka 1987 na watafiti wa Marekani, wakati ambapo hata paka waliolishwa vyakula vya viwandani walikuwa wakifa kwa moyo. Viwanda vikaongeza taurini na ugonjwa ule ukapungua sana. Tena paka hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama tunavyofanya sisi; anaihitaji ikiwa tayari imetengenezwa kwenye mwili wa mnyama mwingine. Kwa hiyo anayempa paka wali na mboga kwa nia njema anamnyima vitu ambavyo hakuna mmea utakaomletea.

Halafu kuna ini lake. Njia moja kubwa ambayo ini la binadamu na la mbwa hutumia kufunga kemikali ngeni na kuzitoa mwilini, kwa paka ni dhaifu mno. Kitu ambacho wewe unakisafisha kwa saa chache, kwake kinakaa na kugeuka sumu. Ndiyo sababu kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka: damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia au buluu, uso unavimba. Na ndiyo sababu mafuta yenye harufu kali yanayokamuliwa kwenye mimea, ambayo watu wanampaka paka kufukuza wadudu, yanamletea kutetemeka, kuyumba na mate kumtoka. Yametoka kwenye mmea, ni kweli, lakini ini lake halina cha kuyafanyia.

La tatu ni maji. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa maeneo makame, mnyama aliyepata sehemu kubwa ya maji yake kwenye mawindo. Kiu yake ni ndogo na mkojo wake ni mzito. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu. Chakula cha majimaji cha kopo kina asilimia 75 au zaidi. Ukitaka kufanya jambo moja tu la asili kwa paka wako, mwongezee maji kwenye chakula. Kibofu na njia ya mkojo vitanufaika kuliko kwa chai yoyote ya majani.

Mbwa ni habari nyingine. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, amebeba nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Ameishi na watu na mabaki yao kwa maelfu ya miaka na tumbo lake likabadilika. Kwa hiyo wali, viazi vilivyopikwa na maboga anavimudu. Wanaosema mbwa alishwe kama mbwa mwitu wanamlisha mnyama mwingine.

Sasa chakula cha kupika nyumbani. Nakiunga mkono, ila nyama na wali peke yake si chakula kamili, hata iwe nyama safi kiasi gani. Mwaka 2013 huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walipima mapishi 200 ya mbwa kutoka vitabuni na mitandaoni, mengi yakiwa yameandikwa na madaktari wa wanyama. Asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Pengo linaloumiza haraka ni kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili ukiona kalsiamu ya damu inashuka, unaichota kwenye mifupa. Mtoto wa mbwa au wa paka anayelishwa nyama tupu anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti.

Unga laini wa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa unasaidia hapo: kijiko kimoja cha chai kina takribani gramu 2 za kalsiamu. Lakini haujazi pengo la zinki, shaba, iodini, vitamini D na E. Ukipika, pika kwa fomula iliyokokotolewa na mtaalamu wa lishe ya wanyama kwa uzito na umri wa mnyama wako, na usianze kubadilisha viungo kwa sababu kimoja kimeisha. Ukinunua cha kiwandani, tafuta kwenye pakiti maneno yanayosema ni chakula kamili na kwa umri gani. Kikiandikwa ni cha nyongeza, hakiwezi kuwa mlo wa kila siku.

Nitaendelea na viroboto na ngozi. Maswali karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu asante, nafuatilia. Swali langu ni fupi. Huwa natia kitunguu saumu kidogo kwenye chakula cha mbwa ili viroboto wamkimbie. Kuna ubaya gani, mbona hajawahi kuugua?

#3 Mleta mada

Ndugu, acha leo. Vitunguu vyote, maji na saumu, vibichi, vilivyopikwa na vya unga, vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Kwa kitunguu maji, gramu 5 kwa kila kilo ya uzito zimetosha kuharibu damu ya paka, na gramu 15 hadi 30 kwa mbwa. Saumu ina nguvu zaidi. Na haionekani siku hiyo hiyo: anaweza kuwa mzima leo, na baada ya siku kadhaa ndipo unamwona amechoka, fizi zimepauka, mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia. Kidogo kidogo kila siku nacho kinadhuru. Na viroboto hakiwafukuzi.

Ngoja nimalizie hapa hapa vitu vingine vya jikoni, kisha turudi kwenye viroboto. Zabibu, mbichi na kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Tangu 2021 anayeshukiwa zaidi ni asidi ya tartari iliyomo, na kwa kuwa kiasi chake hubadilika kutoka tunda hadi tunda, usihesabu punje ngapi ni salama. Chokoleti ina teobromini, ambayo nusu yake hukaa ndani ya mbwa kwa saa 17 au zaidi, na iliyo nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Zailitoli, ile sukari bandia ya kwenye bablishi zisizo na sukari, baadhi ya siagi za karanga na dawa za meno, inashusha sukari ya mbwa ndani ya saa moja na inaweza kuua ini. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Parachichi usimpe ndege wala sungura.

Na maua ya yungiyungi (lily). Mwenye paka asiyaweke ndani kabisa. Paka akilamba tu unga wa ua uliomwangukia kwenye manyoya, au akinywa maji ya chombo chake, figo zinaweza kufa ndani ya siku tatu. Hili halijulikani na wengi na linauma kwa sababu linazuilika kirahisi.

Mnyama akishakula kitu cha namna hiyo, usimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha mafuta au maziwa. Chumvi yenyewe ni sumu kwake. Piga simu kwa daktari ukiwa na jina la kitu, kiasi na saa aliyokila.

#4 Mchangiaji

Sasa viroboto tunawamalizaje? Nimeosha mbwa kwa siki ya tufaha, baada ya wiki wamerudi.

#5 Mleta mada

Wamerudi kwa sababu hawakuwa kwa mbwa. Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo, kama asilimia 5 tu ya kundi lote. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa waliomo kwenye matandiko, mazulia, nyufa za sakafu na chini ya makochi. Jike mmoja akishanyonya damu hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na mayai hayanati. Yanadondoka popote mnyama anapolala. Pupa ndani ya kifuko chake anaweza kusubiri miezi, kisha joto na mtikisiko wa mnyama au mtu anayepita vinamwamsha. Kwa hiyo siki unayopaka mgongoni inashughulikia sehemu ndogo ya tatizo, na hata hiyo haiui.

Hapa matunzo ya asili yana kazi kubwa na ya kweli, ni jasho tu. Matandiko yote yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, kila wiki. Sakafu, nyufa na makochi vifyonzwe kwa mashine ya vumbi kila siku kwa wiki za mwanzo, mfuko wa mashine utupwe nje ya nyumba kila ukimaliza. Ule mtikisiko wa mashine unawaamsha pupa, na hilo ndilo unalolitaka. Mnyama achanwe kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, hasa shingoni na juu ya mkia, na kila unachokitoa kitie kwenye bakuli la maji yenye sabuni. Vile vidoto vyeusi unavyoona ni kinyesi cha kiroboto. Viweke kwenye karatasi nyeupe yenye unyevu, vitatoa rangi nyekundu kwa sababu ni damu.

Kwa watoto wachanga wa paka au mbwa, kuchana na kuogesha kwa sabuni laini ndiyo njia salama, na wafanyie haraka. Viroboto wengi wanaweza kumkausha damu mtoto wa paka hadi afe. Kwa mnyama mzima mwenye viroboto wengi, nasema wazi: tumia dawa ya kisasa ya daktari pamoja na usafi huo, kwa wanyama wote wa nyumba kwa wakati mmoja, kwa angalau miezi mitatu, hadi pupa wa mwisho watoke. Na dawa ya mbwa yenye permetrini isimguse paka. Dozi moja ya mbwa mkubwa, ile ya kupaka mgongoni, inatosha kumpa paka degedege, na wapo wanaokufa kwa kulala tu na mbwa aliyepakwa.

Kupe ni rahisi zaidi. Kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja. Kumchoma au kumpaka mafuta kunamfanya ateme mate yake ndani ya mnyama, na mate hayo ndiyo yenye vijidudu.

#6 Mchangiaji

Mbwa wangu hana kiroboto hata mmoja lakini anajikuna na kulamba miguu usiku kucha. Masikio yanarudi kuwa na harufu kila mwezi. Nimejaribu mafuta ya nazi nje na ndani.

#7 Mleta mada

Miguu na masikio pamoja, bila viroboto, inanielekeza kwenye mzio, ama wa vitu vya hewani kama chavua na utitiri wa vumbi, au wa chakula. Mafuta ya nazi ndani yamemwongezea nguvu za unene tu, na mbwa wenye kongosho dhaifu wanaweza kuugua vibaya kwa mafuta mengi. Nje anayalamba.

Mzio wa chakula haupimwi kwa damu wala nywele, hata kama vipimo hivyo vinauzwa. Unapimwa kwa bakuli. Kwa mbwa vinavyoongoza ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano, kwa hiyo kuondoa nafaka peke yake mara nyingi hakugusi tatizo. Chagua protini moja ambayo hajawahi kuila maishani, na wanga mmoja, au chakula maalumu cha daktari chenye protini iliyovunjwavunjwa. Wiki 8 kamili. Hakuna biskuti, hakuna mabaki ya mezani, hakuna kidonge chenye ladha ya nyama. Familia nzima ikubaliane, maana mtoto mmoja mwenye huruma anaharibu jaribio lote. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani: mwasho ukirudi ndani ya siku chache hadi wiki mbili, umepata jibu. Asipopata nafuu, tatizo ni la hewani au jingine, na unaacha kuhangaika na chakula.

Wakati huo huo ngozi inahitaji faraja. Unga wa oti uliosagwa laini sana, ukoroge kwenye maji ya uvuguvugu, mloweshe dakika 10, kausha kwa taulo. Hilo ni tulizo halisi, lina kemikali zinazopoza mwasho. Shampuu za watu usitumie. Ngozi yetu ina uasidi zaidi kuliko ya mbwa. Ukitoka matembezini, mfute nyayo kwa kitambaa chenye maji. Mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi mzuri kwa ngozi, ila mpe muda, wiki 6 hadi 8 au zaidi, na kipimo akupe daktari kwa uzito wake, kwa sababu yakizidi yanaharisha. Mafuta ya mbegu za kitani hayawi mbadala mzuri. Mbwa anayageuza kidogo sana kuwa aina inayofanya kazi, na paka karibu hawezi.

#8 Mchangiaji (daktari wa mifugo)

Nakubaliana na mleta mada, nataka kuongeza la masikio. Usimwagie siki wala peroksidi kwenye sikio lenye harufu kabla halijaangaliwa. Kama kiwambo kimetoboka, unaunguza sikio la ndani na mbwa anabaki anaenda upande, wengine wanakuwa viziwi. Pamba za vijiti nazo zinasukuma uchafu chini. Sikio linalorudia kila mwezi lina chanzo, na mara nyingi ni huo mzio.

Pili, meno. Watu wanauliza sana mimea ya kuondoa harufu ya mdomo. Harufu ni bakteria na ugaga. Utando laini wa kwenye jino unagandamana kuwa ugaga ndani ya siku chache tu, kwa hiyo mswaki wa kila siku, na dawa ya meno ya wanyama, unafanya kazi kuliko chochote cha kutia kwenye maji. Ya watu hapana, ina floridi na wakati mwingine zailitoli. Na pembe au mifupa migumu ya kutafuna inavunja meno makubwa ya nyuma. Nayang'oa mengi.

#9 Mchangiaji

Mimi nawalisha nyama mbichi, mkuu, manyoya yao yanang'aa na kinyesi ni kidogo. Hiyo si ndiyo asili yenyewe uliyoanza nayo?

#10 Mleta mada

Swali zuri na nitalijibu kwa heshima. Manyoya kung'aa naamini, chakula chenye mafuta na protini nyingi hufanya hivyo. Kinyesi kidogo pia, kwa sababu nyama inasagika karibu yote. Shida yangu ni mbili. Kwanza lile pengo la kalsiamu na madini, ambalo huonekana baada ya miezi. Ini likilishwa kila siku kwa paka linazidisha vitamini A hadi mifupa ya shingo inaungana na hawezi tena kujilamba. Samaki wabichi wa aina fulani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, paka anaanza kuyumba na shingo kuinama. Kupika kunakiua kimeng'enya hicho.

Pili ni vijidudu. Salmonella haifi kwa kugandishwa. Mbwa anaweza asiugue lakini akaitoa kwenye kinyesi na mate nyumbani mwenye mtoto mdogo au mgonjwa. Na tangu 2024, homa ya mafua ya ndege ya H5N1 imeua paka huko Marekani waliokunywa maziwa mabichi au kula nyama mbichi ya ndege. Kwa paka ugonjwa huu ni mkali mno. Ukipika nyama hiyo hiyo kwa fomula kamili, manyoya yataendelea kung'aa. Taurini hupungua kidogo inapochemshwa na kuingia kwenye mchuzi, kwa hiyo mchuzi usimwage, mpe.

#11 Mchangiaji

Nisaidieni haraka. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anaharisha toka jana, leo ametapika mara kadhaa na halafu kuna damu. Amechanjwa mara moja tu. Nimpe maji ya wali au boga?

#12 Mleta mada

Usimpe kitu, mpeleke sasa hivi, na wapigie simu kwanza uwaambie ni mtoto, ametapika, ana damu na chanjo haijakamilika, ili wamtenge na wengine. Inaweza kuwa parvo, ugonjwa mkali wa virusi unaoshambulia utumbo. Anapoteza maji haraka kuliko unavyoweza kumnywesha na anachotapika hakimfikii. Kwa dripu na uangalizi wengi hupona, bila hivyo wengi hufa. Mfunike apate joto njiani.

Kwa wengine mnaosoma: wali na kuku aliyechemshwa bila ngozi wala chumvi, sehemu mbili za wali kwa moja ya kuku, mafungu madogo mara nne au tano kwa siku, ni wa mbwa *mzima*, mchangamfu, anayekunywa maji, asiyetapika na asiye na damu. Boga lililochemshwa tupu, kijiko cha chai kwa mbwa mdogo hadi vijiko viwili vya chakula kwa mkubwa, linasaidia kwa nyuzinyuzi zake. Siku mbili au tatu, kisha rudisha chakula chake polepole. Mvute ngozi ya shingoni: ikikawia kurudi ana upungufu wa maji. Bonyeza ufizi: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Joto la mbwa na paka wazima ni karibu nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo pua ya moto haisemi lolote, pima.

Minyoo nayo, kwa kuwa imeguswa na wengi: mbegu za boga na za papai hazitoshi. Minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto kabla hawajazaliwa, na mayai yake yanaweza kumwingia mtoto wa binadamu na kufika jichoni. Tumia dawa ya minyoo.

#13 Mchangiaji

Mna neno kwa sungura? Wangu anakula karoti na biskuti zake vizuri lakini ananenepa na machozi yanamtoka jicho moja.

#14 Mleta mada

Jicho linalotoka machozi kwa sungura mara nyingi ni meno. Yanakua maisha yote, ya mbele kama milimita 2 kwa wiki, na mizizi ya juu iko karibu na mfereji wa machozi. Kinachoyasaga ni nyasi kavu ndefu, ambazo zinapaswa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya chakula chake, mbele yake muda wote. Karoti ni sukari kwake, kipande kidogo mara moja moja. Biskuti zake, yaani zile chembe kavu za dukani, punguza hadi kijiko au viwili kwa siku, majani mabichi mbalimbali kidogo. Mpeleke aangaliwe meno. Na sungura akiacha kula au kutoa kinyesi kwa saa 12, hiyo ni dharura, utumbo unasimama. Usimpe viuavijasumu vya watu vya kumeza kama amoksilini, vinaua bakteria wazuri wa tumbo lake na yeye mwenyewe.

Mwenye simbilisi: hawezi kutengeneza vitamini C, kama sisi. Pilipili hoho kila siku.

#15 Mchangiaji

Mbwa wangu wa miaka 11 anainuka kwa shida asubuhi. Manjano yanafaa?

#16 Mleta mada

Manjano yanafyonzwa kidogo sana mwilini na ushahidi wake kwa viungo vya mbwa ni mwembamba. Kabla ya hapo mpapase mbavu. Unapaswa kuzihisi bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Kama huoni kiuno wala huzihisi mbavu, dawa ya asili yenye nguvu kuliko zote ni kupunguza bakuli. Kuna utafiti ninaoupenda sana: Labrador 48 walifuatiliwa tangu utotoni hadi kufa, kwa jozi, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Waliokula kidogo waliishi wastani wa kati wa miaka 13, wenzao 11.2, na uchakavu wa viungo uliwachelewa kwa miaka. Hakuna jani lililowahi kumpa mbwa karibu miaka miwili.

Pima kwa mizani, usikadirie kwa kikombe. Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku. Matembezi mafupi ya mara kwa mara, zulia kwenye sakafu inayoteleza, tandiko nene. Omega-3 ya samaki hapa pia ina ushahidi. Na maumivu yatibiwe na daktari. Ibuprofeni ya watu inatoboa tumbo lake na kuua figo.

#17 Mchangiaji

Dume langu la paka linaingia kwenye trei yake ya mchanga wa kujisaidia kila baada ya dakika chache, linachuchumaa na kulia, halitoi kitu. Nimeambiwa nimpe maji ya siki kuyeyusha mawe.

#18 Mleta mada

Dada, usisubiri siki wala asubuhi. Dume linalojikamua bila kutoa mkojo limeziba. Potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unasimama, siku moja hadi tatu tu. Mbebe sasa, usimkandamize tumbo.

#19 Mchangiaji

Nimerudi. Alikuwa ameziba kweli, wamemwekea mrija, anakaa huko siku mbili. Wamesema ni fuwele na msongo. Akirudi nimlisheje asirudie?

#20 Mleta mada

Afadhali sana umewahi. Akirudi, kama wamempa chakula maalumu cha mkojo, mpe hicho peke yake bila kuchanganya, kwa sababu fuwele za struvite zinayeyuka kwa chakula lakini za oksaleti haziyeyuki, na wao wameona ni zipi. Kiwe cha majimaji, na uongeze vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu kila mlo. Mabakuli ya maji matatu sehemu tofauti, mbali na trei. Trei ziwe moja zaidi ya idadi ya paka, zisafishwe kila siku, mahali patulivu. Msongo kwa paka ni paka mwenzake anayemzuia njia, kelele, mgeni, kuhamishwa samani. Mpe mahali pa juu pa kujificha, na mchezo wa kuwinda asubuhi na jioni kabla ya chakula.

Asipokula kwa siku nzima baada ya kurudi, waambie, hasa kama ni mnene, maana paka akikaa na njaa siku chache mafuta yanajaa kwenye ini. Na kwa wiki mbili za kwanza hesabu mabonge ya mkojo kwenye trei kila asubuhi na jioni, uandike. Ndizo wiki za hatari ya kuziba tena. Akiingia mara mbili mfululizo bila kuacha bonge, rudi naye usiku huo huo.